Gramu 249 si kibali

Swali ninaloulizwa sana msimu huu si la mbolea, wala si la viwavi jeshi. Ni la droni. Na wengi wanaoniuliza huwa wameshajijibu kabla sijafungua mdomo: "Afisa, yangu ni gramu 249. Hiyo si haina shida?" Jibu langu ni fupi na najua halipendwi. Iko na shida. Si droni yenyewe, ni hiyo hesabu ya 249 ambayo kila mtu anaishika kama cheti cha kuzaliwa.

Wacha niseme mapema nasimama wapi, msije mkanisoma vibaya. Mimi napenda droni. Ukiwa na ekari 40 za mahindi yaliyofika kifuani, huwezi kujua katikati kuna nini kwa kusimama kwenye lango. Droni itakuonyesha kwa dakika kumi pale maji yametuama, pale mbegu haikuota, na pale ng'ombe wa jirani walipitia usiku. Hiyo kazi kwa miguu ni asubuhi nzima, na bado utakosa nusu. Kwa hivyo siandiki kuwatisha mrudi kwa mambo ya zamani. Naandika kwa sababu nawaona vijana wenye akili, wanaopima udongo kila mwaka na kuandika kila shilingi iliyotoka, lakini wakifika kwa droni wanaingia maisha ya kujificha. Kifaa cha kazi kinafunikwa kwa blanketi kwenye buti la gari kila wanapoona kizuizi cha polisi. Hapo tunafanya kilimo biashara ama tunafanya magendo?

Sasa hiyo gramu 250 imetoka wapi? Haikutoka Nairobi. Mwaka 2015 kule Marekani, mamlaka yao ya anga, FAA, iliunda kamati ya kupendekeza droni gani zisajiliwe. Kamati ikakokotoa hivi: kitu cha gramu 250 kikianguka kwa kasi ya mita 25 kwa sekunde kinamgonga mtu kwa nguvu ya karibu jouli 80, na kuanzia hapo uwezekano wa kuua si wa kupuuzwa. Basi mstari ukachorwa hapo. Watengenezaji nao si wajinga. Wakaunda droni za gramu 249 na kuandika hiyo namba kubwa kwenye boksi, na hilo boksi ndilo limefika mpaka Moi's Bridge.

Lakini hata huko ilikozaliwa, namba hii haisemi kile mnachodhani inasema. Marekani, msamaha wa chini ya gramu 250 ni wa mtu anayerusha kwa kujifurahisha peke yake. Mkulima wa huko akitumia droni hiyohiyo kukagua soya za biashara yake, anaisajili hata kama ni gramu 249, na anafanya mtihani wa leseni. Ulaya nako, droni ndogo ikiwa na kamera na si mwanasesere wa watoto, mwenyewe lazima ajisajili. Kwa hivyo ule msamaha mnaonukuu kutoka video za mtandaoni ni wa Mmarekani anayecheza na mtoto wake Jumapili. Si wa mkulima wa kibiashara, popote alipo.

Hapa kwetu tuko chini ya Kanuni za Usafiri wa Anga kuhusu droni za mwaka 2020, na anayezisimamia ni KCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya. Kanuni hizo zinagawa kazi kwa hatari, si kwa gramu. Kuna kundi A la hatari ndogo, B la katikati, na C ambalo linakaribia kuchukuliwa kama ndege ya kawaida. Droni ya kamera unayoitumia shambani inasajiliwa, iwe gramu 249 au kilo 9. Anayeimiliki awe ametimiza miaka 18. Ukitaka kuiagiza kutoka nje unaomba kibali cha KCAA kabla haijapanda ndege kuja, si baada ya shemeji kukupigia simu kutoka uwanjani akiwa na jasho eti mzigo umeshikwa. Na ukinunua ya mtumba hapa Eldoret, muulize muuzaji karatasi za usajili kama vile ungeuliza kitabu cha trekta. Asipokuwa nazo, bei nafuu hiyo si nafuu.

Ukibaki kwenye kundi A, mipaka yenyewe si ya kutisha. Unaruka mchana, hewa ikiwa safi. Unaiona droni kwa macho yako muda wote, si kwa skrini peke yake. Huvuki futi 400 kutoka ardhini, ambazo ni kama mita 120. Unakaa mita 50 upande kutoka kwa watu, magari na majengo yasiyo chini yako. Ukiangalia, hakuna hata moja hapo inayomzuia mkulima kukagua mahindi. Sasa tunakwepa nini?

Kuna hila moja ya futi 400 nataka kuisema kwa kirefu kidogo, kwa sababu wengi wenu mna mashamba kwenye ukingo. Ile namba ya kimo unayoiona kwenye rimoti inapimwa kutoka pale uliporukia. Kanuni inahesabu kutoka ardhi iliyo chini ya droni. Ukiwa Ziwa au Soy, kwenye tambarare, ni kitu kimoja. Lakini simama Iten ukingoni, irushe mita 50 juu yako, halafu isukume kuelekea Bonde la Kerio. Rimoti bado inasoma 50. Chini ya droni ardhi imeanguka mamia ya mita, na wewe sasa uko kwenye anga ya wenye parashuti za kupaa, ambao wanakuja hapo kutoka dunia nzima kwa sababu ya upepo wa ule ukuta. Mtu amening'inia kwa kamba na kitambaa. Gramu 249 ikiingia kwenye zile kamba, hatauliza ulikuwa chini ya gramu 250 au juu yake.

Twende kwa uzito wenyewe, maana hapa ndipo nina ugomvi mkubwa na vijana wangu.

Uzito unaohesabika ni ule wa kuruka nao. Si wa boksi. Droni ya gramu 249 inapima hivyo ikiwa na betri ya kawaida iliyokuja nayo. Kuna betri kubwa zinazouzwa kando ili ukae hewani zaidi. Ukiweka mojawapo kwenye baadhi ya hizi droni ndogo unafika karibu gramu 290. Ukivalisha propela vile vizuizi vya plastiki umeongeza tena. Ukibandika taa, umeongeza. Chukua mzani wa jikoni, ule wa kupimia unga wa keki, uiweke droni juu yake ikiwa na kila kitu ulichokusudia kuruka nacho. Wengi mtashangaa. Na hata kama gramu hizo hazikuokoi na usajili Kenya, injini zake zinazijua vizuri sana.

Sisi tunalima juu. Uwanja wa ndege wa Eldoret uko zaidi ya mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya kimo hicho ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu moja ya tano. Propela inasukuma hewa. Hewa ikiwa nyepesi, inabidi izunguke kwa kasi zaidi ili ibebe uzito uleule. Betri inaisha mapema, na ile nguvu ya akiba ya kupambana na upepo inapungua. Saa nane mchana jua likiwa kali hewa inakuwa nyepesi zaidi. Zile dakika 30 zilizoandikwa kwenye boksi zilipimwa mahali pengine, bila upepo, na mtu ambaye alitaka kuuza droni. Mimi husema, ikikuahidi 30, panga kazi ya 18 na uteremshe.

Sasa fikiria kijana anachukua hiyo droni, inayopambana na hewa yake mwenyewe, anaifungia chupa ya lita moja ya dawa. Sitanii. Nimeona mwaka uliopita, kwa macho yangu, droni ya kamera isiyofika kilo moja, imefungwa kwa nyaya chupa ya plastiki yenye tundu, na mwenyewe anasema anajaribu kuua viwavi jeshi "kwa teknolojia". Lita moja ya maji ni kilo moja. Alikuwa anataka mnyama abebe uzito kuliko wake mwenyewe, tena mzigo unaobembea. Ilipanda kama mita nne, ikayumba, ikaenda upande ambao yeye hakuielekeza, ikaanguka kwenye mstari ambao mama wawili walikuwa wakipalilia asubuhi hiyo. Bahati walikuwa wameenda chai. Nilimwuliza ni dawa gani. Hakukumbuka jina, alisema ni ile ya kifuniko chekundu.

Hapo kuna makosa matatu yamesimama kwenye foleni moja: uzito, watu chini, na sumu hewani. La uzito unaweza kulisoma kwenye kitabu cha droni, kuna pahali pameandikwa uzito wa juu kabisa wa kupaa nao. Nendeni mkatafute hiyo laini leo. Droni nyingi za kamera hazikupewa ruhusa ya kubeba chochote cha ziada.

Droni za kunyunyizia ni mashine nyingine kabisa. Zile kubwa, za tangi la lita 40, hupaa zikiwa na uzito wa karibu kilo 90. Mnajua kilo 90 ni nini. Ni gunia. Ni lile gunia la mahindi ambalo wanaume wawili hulipandisha kwenye lori wakiguna. Sasa liwekee propela zinazozunguka na dawa ndani, ulipitishe juu ya shamba ambalo kuna njia ya watoto wa shule. Ndiyo maana sheria inataka rubani aliyefunzwa, mtambo uliosajiliwa, bima ya kulipa atakayeumia, na kampuni yenye cheti cha uendeshaji kile wanachokiita ROC. Hiyo si serikali kupenda karatasi. Mimi mwenyewe nisingekubali gunia liruke juu ya mtoto wangu bila kumjua anayelishika.

Na kuna jambo la dawa ambalo watu wa droni hawalisemi sana kwenye maonyesho. Pampu ya mgongoni ya lita 20, kwa mahindi, unajaza kama mara nne kwa ekari, hivyo unamwaga kama lita 80. Droni inamwaga lita chache tu kwa ekari hiyohiyo. Kiasi cha dawa ni kilekile, maji ndiyo yamepungua, kwa hivyo kila tone ni kali mara nyingi zaidi, na tone ni dogo, na linatoka juu zaidi. Upepo kidogo tu, tone hilo liko kwa jirani. Jirani akiwa na mishiri ya kienyeji ya mboga atakuja kugombana na wewe. Jirani akiwa na maharagwe ya kuuza nje, hatakuja na maneno, atakuja na wakili, kwa sababu Ulaya wanapima mabaki ya dawa kwenye maharagwe yetu na mzigo mmoja ukikutwa na kitu ambacho yeye hakukipiga, soko lake limeyumba. Soma lebo. Kama lebo iliyopitishwa na PCPB haikutaja kipimo cha kunyunyizia kutoka hewani, usijitungie kipimo.

Msimamo wangu basi ni huu, na najua wauzaji hawatanipenda: kijana mwenye ekari 10 au 50 asinunue droni ya kunyunyizia. Anunue ndogo ya kamera, aisajili, ajifunze kuisoma picha. Siku ya kunyunyizia akodishe mtu mwenye ROC, na kabla ya kumlipa aombe kuona nakala ya cheti, namba ya usajili ya mashine na karatasi ya bima. Zote tatu, siku hiyohiyo, si "nitakutumia WhatsApp". Mkiwa kumi kwenye kikundi, wenye mashamba yanayopakana, mnamwita mara moja na bei inashuka. Hivyo ndivyo tulivyozoea kufanya na mashine za kuvuna ngano. Hakuna mtu Uasin Gishu mwenye ekari 20 aliyenunua kombaini ya peke yake.

Kuna watakaosema, "Lakini afisa, mimi narusha kwangu, kwa shamba langu, hainisumbui mtu." Shamba ni lako. Anga si yako. Wenye mashamba Kapseret na Ngeria wananielewa zaidi, kwa sababu wanasikia ndege za mizigo zikishuka juu ya mabati yao. Kanuni zinataka ukae kilomita 10 kutoka uwanja mkubwa kama ule, na 7 kutoka viwanja vidogo, mpaka upate ruhusa. Kilomita 10 pale ni eneo kubwa mno, limemeza maelfu ya ekari za mahindi na ngano, na kuna vijana ndani ya duara hilo ambao hawajui wamo. Fungua ramani kwenye simu, weka kidole kwenye barabara ya ndege, pima mpaka kwako. Ikiwa umo, usirushe kwanza halafu uulize. Andika barua. Na usisahau viwanja vya nyasi vya mashamba makubwa na vya hospitali za misheni, ambavyo ndege ndogo hutua bila kutangaza kwa redio yako ya nyumbani. Mwaka 2020 wakati wa nzige, ndege za kunyunyizia ziliruka chini kabisa, chini ya hizo futi 400 mnazodhani ni zenu peke yenu. Nzige wakirudi, au kweleakwelea wakiingia kwenye ngano, zitaruka hivyo tena. Ukisikia mlio wa ndege, teremsha droni. Usisubiri kuiona.

Mambo mengine ya usalama nitayapitia haraka, mengi mnayajua. Nyaya za stima hazionekani kwenye kamera, hasa zile za laini moja zinazokatiza shamba. Zitembelee kwa miguu kwanza. Kimo cha kurudi nyumbani kiwekwe juu ya mikaratusi yako, maana droni ikipoteza mawasiliano inarudi kwa mstari ulionyooka na haijui kuna mti. Usianzie kurusha juu ya mabati au boneti ya pikapu, dira inachanganyikiwa. Betri iliyovimba ni ya kutupwa, si ya kufunga na mpira. Usiichaji ukiwa umelala, na usiiache kwenye gari juani. Asubuhi ya baridi ya Julai, ipashe betri joto mfukoni kidogo kabla ya kupaa. Droni ndogo nyingi haziwezi upepo unaozidi mita 10 kwa sekunde. Ukiona mahindi yanainama yote upande mmoja na hayarudi, kunywa chai. Na waambie wafanyakazi kabla ya kurusha. Waambie wakae upande gani. Mtu anayechuma akiwa ameinama haoni juu.

Hapo hapo kwa watu, kamera. Ukipita juu ya boma la jirani ukanasa mama anaoga mtoto, umeingia kwenye Sheria ya Kulinda Data ya 2019, na kabla ya sheria umeingia kwenye mdomo wa kijiji. Nimeona mgogoro wa mpaka wa shamba, ambao ulikuwa umelala miaka, ukiamshwa na droni iliyopita juu ya ua mara mbili. Mzee hakuamini kijana anakagua mahindi. Alisema amekuja kumpimia shamba. Dakika tano za kwenda kumsalimia mzee kwanza, umwonyeshe kwenye skrini unachotafuta, zingemaliza hayo yote.

Kuna mstari mwingine mnauvuka bila kuuona, nao ni wa pesa. Kanuni zinatenganisha matumizi ya burudani, ya kibinafsi na ya biashara. Siku jirani atakapokupa mia tano umpigie picha shamba lake, umekuwa biashara, na biashara inataka ROC. Haijalishi ni mia tano. Na wewe mwenyewe, unayeuza magunia mia tatu, usijidanganye kwamba kukagua mazao yako ni burudani kwa sababu tu droni iliuzwa kwenye duka la vifaa vya kuchezea. Usijitafsirie. Waandikie KCAA, eleza kazi kwa sentensi mbili, ekari ngapi, wapi, mashine gani, uombe wakujibu kwa maandishi wewe uko kundi gani. Hilo jibu utaliweka kwenye faili pamoja na rekodi zako za dawa. Mkaguzi wa mnunuzi akija, mwanakaratasi huyo atakusemea.

Sasa upande wa pili, maana sitaki ionekane mimi ni msemaji wa mamlaka. Utaratibu wetu ni mzito kwa mkulima mdogo. Ulitungwa ukimfikiria mtu wa Nairobi mwenye kampuni na karani wa kujaza fomu. Kijana wa Moiben mwenye droni moja ya kukagua viazi anapitia njia ileile ndefu anayopitia mtu wa kupiga picha za matangazo. Ada, safari, kusubiri. Wengi wanakata tamaa katikati, na wakishakata tamaa wanaruka kimya kimya. Kumbukeni pia kanuni za kwanza, za 2017, zilifutwa na Bunge mwaka 2018, na kwa muda huo watu walijifunza kuishi kwenye giza. Tabia hiyo haijaisha.

Ningekuwa na sauti, ningeomba mambo mawili. Siku ya usajili iletwe kwenye kaunti, hata mara mbili kwa mwaka, kama wanavyokuja watu wa kupima mizani sokoni. Na kuwe na njia fupi ya mkulima anayeruka juu ya shamba lake mwenyewe, mchana, chini ya mita 120, mbali na uwanja wa ndege, bila kubeba kitu. Hatari yake ni ndogo na kanuni zenyewe zinakubali kuna kundi la hatari ndogo. Lakini ombi hilo halitasikika kama sisi wenyewe ni watu wasiohesabika. Serikali haiwezi kurahisishia wakulima ambao kwenye daftari lake hawapo. Kaunti hii ina droni nyingi mashambani, nazifahamu kwa sauti. Zilizosajiliwa, ukiniuliza nizitaje, nitamaliza vidole vya mkono mmoja na kubaki na akiba.

Na ile hoja ya "hakuna anayekamatwa" naomba mniachie. Bima hailipi droni isiyo na usajili. Mfanyakazi akikatwa na propela, utamweleza nini daktari, na utamweleza nini mnunuzi wako anayeuliza kama shamba lina rekodi ya ajali? Mkopo wa benki ulioweka shamba dhamana hautasubiri umalize kesi.

Ofisini kwangu nimeanza faili ya wenye droni, kwa hiari, isiyo ya polisi. Nataka nipeleke orodha moja KCAA badala ya kila mtu kupanda matatu peke yake. Anayetaka kuingia aje na vitu hivi: kitambulisho, namba ya mashine iliyo chini ya betri, risiti au barua ya aliyekuuzia, picha ya droni ikiwa juu ya mzani na kila kitu ilichobeba, na mahali shamba lilipo kwenye ramani pamoja na umbali wake kutoka uwanja wa ndege ulio karibu. Niko ofisini Jumanne na Alhamisi asubuhi. Mzani ninao, kama wako wa jikoni umekataa kutoka jikoni.